Kufuli kwenye Simu ya Mapokezi

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika kituo kimoja cha afya kati ya Meru na Embu. Mtoto alikuwa amezaliwa bila kulia. Muuguzi mkuu alikuwa ameitwa kwenye kamati ya harambee, basi mwanafunzi wa uuguzi akakimbilia simu ya mapokezi, iliyokuwa imeachwa bila kufuli, akampigia mwalimu wake chuoni. Kila alichoambiwa alikirudia kwa sauti, mwenzake asikie kutoka chumba cha pili alimokuwa na mtoto.

“Mpanguse! Msugue mgongo! Inua kidevu kidogo! Halafu, Madam? Halafu?”

Kimya. Karani wa mapokezi alikuwa ameikata simu kwa kidole.

“Hiyo laini ni ya ofisi, sista. Mkubwa anangoja mgeni wa heshima wa harambee apige.”

Mgeni wa heshima! Na huyo aliyekuwa anawasili duniani saa hiyo hiyo, yeye si mgeni?

Kwa rehema za Mungu tu, mtoto akalia.

“Si umeona?” karani akasema, akilirudisha kufuli kwenye namba za simu. “Kumbe hata hukuhitaji kupiga.”

Harambee yenyewe ni ya kununua vifaa vya chumba cha kujifungulia. Nimealikwa, na nitaenda. Mchango wangu uko tayari: msumeno wa kukatia kufuli.