Nilibadilisha Tarehe, Nikamwacha Aonekane Mwongo

Kosa ni langu, jamani, sina wa kumsukumia!

Mimi ndiye ninayeshughulikia tovuti ya maktaba ya chuo kimoja hapa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kutoka Goma. Kwetu, mwanafunzi asiyeleta tasnifu yake maktaba kabla ya siku ya mwisho haingii kwenye orodha ya mahafali. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mkuu wangu, mama mmoja mkali aliyekulia Tanzania, akaivuta hadi Ijumaa iliyotangulia, akaniagiza nitangaze.

Nikabandika karatasi mlangoni. Tovuti nikasema nitairekebisha baadaye, maana nilikuwa na haraka ya kwenda Rubona kula sambaza, vile visamaki vya ziwani, na wenzangu. Uvivu mtupu!

Wanafunzi wa Goma hawauoni mlango wetu. Wao huangalia tovuti kwanza, ndipo wapange foleni mpakani.

Jumatatu asubuhi akaja Furaha, binti wa Goma, tasnifu kaikumbatia, akaniita chef, yaani bosi, kama wanavyosema kwao.

"Chef, mi nilisoma ku site jana. Siku ya mwisho ni leo!"

Mkuu akanigeukia. "Tangazo la Ijumaa uliliweka kwenye tovuti au hukuliweka?"

"Niliweka tangu wiki jana, mama."

Nikajifanya natafuta ukurasa. Nikafuta Jumatatu, nikaandika Ijumaa, kisha nikawageuzia kioo cha kompyuta. Furaha akafungua simu yake, naye akakuta Ijumaa. Lo! Sijui uso ule niliutoa wapi.

Nilitamani apige kelele. Akasema polepole, "Bon... labda ni macho yangu iko mubaya. Munisamehe, chef."

Aliniomba msamaha mimi!

Mwaka ukampita. Kazi ya ualimu aliyoahidiwa kwao akapewa mwingine. Mimi nikasifiwa mbele ya wenzangu kwa umakini, na sifa hizo zinaniunguza hadi leo.

Mwaka huu amerudi na tasnifu yake, siku nne kabla. Akamwomba mlinzi amsomee tarehe ya mlangoni, akamwomba na msichana wa mapokezi, kisha akaja kwangu.

"Chef, unisomee na we. Mi siamini tena macho yangu."

Nikamsomea. Neno la kweli sikulitoa. Woga gani huu, Mungu wangu!

Ninyi mnaotunza tovuti za watu, ukisahau, sema umesahau. Mkuu angenikaripia asubuhi ile, na kufikia saa sita yangekuwa yamekwisha. Sasa yupo binti anayezunguka akiomba wengine wamsomee, na macho yake hayana ugonjwa wowote.