Rasta Nyekundu za Namba Sita

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kidato cha nne nilimaliza, cheti ninacho, na safari yangu ndefu kwa siku ni kutoka jikoni hadi kibarazani, ninapowasukia watu nywele. Mpira nilikuwa siujui. Nilijua tu kwamba ukianza, baba hasemeshwi.

Macho ya baba yaliharibiwa na ugonjwa wa vikope nikiwa bado shule ya msingi. Tangu hapo mpira anautazama kwa mdomo wa mtangazaji. Mpe mtangazaji mzuri tu, atakwambia beki wa kulia amepanda mno kabla goli halijaingia. Lakini timu ya wanawake ya mdogo wangu, anayochezea namba sita pale kati, ilikuwa haitangazwi. Matokeo yao yalisomwa mwishoni mwa kipindi, muda ukibaki, na muda wenyewe haukuwa na tabia ya kubaki. Mdogo wangu akitaka kumsimulia mwenyewe, baba anamkatiza: "Mchezaji hajitangazi. Nitakusikia siku yako ikifika."

Ikafika. Redio moja ikasema itarusha mechi yao moja kwa moja. Mdogo wangu akapanda gari kutoka mjini hadi kwetu Mvumi, akaketi kwenye kigoda changu.

"Dada, nisuke rasta nyekundu."

"Nyekundu? Unacheza mpira au umeajiriwa zimamoto?"

"Pale kati tuko watatu, wote wafupi, na jezi zimebanduka namba. Sitaki mtangazaji anichanganye. Nataka baba ajue mpira ukiwa kwangu."

Nikamsuka. Nilikaza mpaka machozi yakamlengalenga, na hakulalamika, yeye anayelalamikia hata chai ya moto.

Siku ya mechi baba alivaa shati la kanisani, redio kaipakata. Mtangazaji akaanza vizuri, timu gani inatokea upande gani. Halafu akasema, "Pale kati namwona mrembo mmoja wa rasta nyekundu, ee bwana, huyu alipaswa kuwa harusini!"

Mwenzake akacheka. "Kaka, uliza kwanza kama ameolewa."

"Akiolewa nani atapika, na mwenyewe yuko huku anakimbiza mpira?"

Baba akaiinamia redio. "Anakaba, au amepanda?" akaniuliza. Niulizwe mimi!

"Nafikiri anakaba, baba."

Wale wawili wakahamia kwenye kucha za golikipa. Walikuwa bado huko uwanja ulipolipuka. "Goli! Goli! Nani pale? Rasta nyekundu! Kumbe uzuri na mpira vinakaa pamoja!"

"Kwa mguu gani?" baba akaiuliza redio. "Kapigia wapi?"

Redio ikamjibu kwa tangazo la sabuni.

Katika familia yetu, aliyesifiwa kazi yake hewani siku ile ni mimi. Kulipokucha mteja alikuwa mlangoni, anataka zile za redioni. Nilimwambia rasta zimeisha, na zilikuwa zimejaa kapu.

Jioni mdogo wangu akaja, anachechemea, shingo imetangulia mlangoni kabla ya miguu.

"Shikamoo, baba. Ulinisikia?"

"Marahaba. Nilikusikia, mwanangu." Akawa anatafuta la kuongeza. Namjua baba. Mchezaji wa timu yake anaweza kumzungumzia mpaka ugali ukapoa. "Wamesema una nywele nzuri."

"Ndiyo, baba. Ni kazi ya dada."

Akatoka nje hadi kibarazani, nikamfuata; akakaa, akanigeuzia kisogo. "Nifumue."

Sikumtania. Nikachukua kitana, nikaanza na msuko wa nyuma ya sikio. Nilikuwa kwenye msuko wa pili baba aliposikia.

"Mnafanya nini huko?"

"Nafumua, baba."

"Ziache," akasema kutoka ndani. "Wakija kutangaza tena, nitamjuaje?"

Mikono yangu ikasimama kichwani mwa mdogo wangu. Hakuniambia niendelee, wala hakuniambia niache.