Toba ya Pili ya Baba

Harufu ya utomvu wa mgomba uliokatwa hunichefua mpaka leo. Wengine huiona ni harufu ya shamba tu. Mimi humwona baba yangu, mzee wa kanisa pale Kagerankanda, kashika panga, anaangusha migomba ya jirani yetu Mama Nestori mmoja baada ya mwingine, hadi kipande chote cha mpakani kikabaki wazi.

Mama Nestori alikuwa mjane. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, na hilo ndilo baba alilomtupia usoni siku ile: "Rudi kwenu ukapande huko!" Kwao wapi, naye alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwetu? Msimu ule tukapanda mahindi mahali pa migomba yake.

Jumapili moja, tukiwa tumeshavuna, baba alisimama mbele ya kanisa akatubu. Alilia, jamani, alilia kwelikweli, makamasi yakachuruzika hadi kwenye tai. Watu wakashangilia, ngoma zikapigwa. Mama Nestori akainuka benchi la nyuma, akangoja kelele zitulie.

"Baba Devota, na shamba langu je?"

"Mama, Bwana ameshanisamehe," baba alimjibu kwa upole, akifuta macho. "Nawe amini tu."

Mama Nestori akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka. Haukupita muda akahamia kwa dada yake, Kibondo.

Nilimchukia baba. Nilichukia hata alivyofumba macho kuombea chakula. Mama yangu hakupiga kelele. Alikataa tu kuyapika mahindi yale. "Hayaingii kwenye chungu changu," alisema. Baba alipomkumbusha kwamba ametubu, mama alimtazama kama mbwa aliyeingia jikoni. Fukusi wakayala darini, sisi tukinunua unga sokoni, na nyumbani watu wakipishana kimyakimya.

Ikaendelea hivyo mpaka asubuhi moja baba aliposema anakwenda Kibondo.

"Nenda na Devota," mama akamwambia. "Alikuona ukikata. Akuone ukirudisha."

Tulimkuta Mama Nestori uani, anamenya muhogo. "Mwakeye," baba akamsalimu kwa Kiha. Safari hii baba hakulia. Alipiga magoti juu ya maganda.

"Kipande kile ni chako. Nilikuonea, nikakutukana. Nimeshamwambia mwenyekiti wa kitongoji, mpaka umerudishwa ulipokuwa. Nisamehe."

Mama Nestori aliendelea kumenya.

"Nimekusikia," akasema mwishowe. "Nestori atakuja kulichukua shamba. Wewe ondoka hapa kwangu."

Hatukupewa hata maji. Kwenye basi nilifurahi moyoni kwamba amefukuzwa, tena mbele yangu.

Ilinichukua hadi utu uzima kuelewa nilichokiona. Kanisani baba alijua kabisa kwamba atapigiwa ngoma. Kumwamini Mungu pale hakukumgharimu kitu, ndiyo maana aliweza kulia na shamba la mjane bado liko mkononi mwake. Pale uani hakuahidiwa lolote, na bado alipiga magoti. Watu wa kanisani wakisimulia baba aliokoka lini, huitaja Jumapili ile ya machozi. Mimi husema ni siku aliyofukuzwa Kibondo. Nasema hivyo ingawa mimi mwenyewe bado sijamsamehe, na Mama Nestori, nijuavyo, hakumsamehe kamwe.