Msimu wa Mwisho wa Mama Mkwe

Mama mkwe wetu alikuwa mwanaume mwenye ndevu. Alikuwa Mkongo wa upande wa mashariki. Siku tano za juma alipakia mizigo ghalani, na Jumamosi mchana alijifunga kitenge, akavaa wigi, akaketi kwenye gereji moja ya Doonside, huku Australia, na kumtesa mkwe wake mbele ya kamera ya simu. Ndevu hakunyoa hata mara moja. Watu walizizoea. Ukienda kanisani, ukienda Auburn kununua unga, ungesikia mtu akiiga sauti yake.

Maneno ya kipindi hicho cha vichekesho niliyaandika mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu hakuna mtazamaji aliyelijua. Nilikuwa nikiyaandika kwenye treni nikitoka kazini St Marys, kwenye nyumba ya wazee, nikicheka peke yangu mpaka abiria wanahama viti. Misimu mitatu niliandika, na misimu mitatu yule bwana aliichukua karatasi yangu, akaipitisha macho, akaiweka chini, kisha akasema yake. Watu wakamsifu yeye. Yeye naye akajisifu. Mimi hakuwahi kuniambia hata "si mbaya." Nilimwonea wivu, tena ule wa kununa mchana kweupe.

Siku moja baada ya ibada akaniambia anahamia Perth, upande wa pili wa nchi, kazi ya kule ni nzuri. Nikamuuliza kipindi kitakuwaje. Akatabasamu. "Mutapata mutu mwingine wa kuvaa kitenge, dada. Kuchekesha, sijui."

Nilifika nyumbani, hata mkoba sijautua. Nikaapa tutafanya msimu mmoja wa mwisho, sehemu sita, kila neno kutoka kwenye karatasi yangu, na yeye huko Perth aliko atacheka mpaka ashike mbavu, kisha atakiri kwamba kichekesho kilikuwa changu tangu mwanzo. Sikutaka kingine.

Tulibaki watatu: mimi, muuguzi Mkenya aliyecheza mkwe, na mke wake aliyeshika kamera. Gereji ilikuwa yao. Pengo lilikuwa la mama mkwe tu. Sasa, mama mzazi wa yule mke alikuwa amekuja kutoka Kenya kusaidia kulea mtoto mchanga. Mwanamke mfupi, mwenye ulimi. Jumapili moja, tukinywa chai baada ya ibada, nilimsikia akiwasema vijana wa kwaya kwa kuchelewa, nao wakicheka huku wanaona aibu. Nikamwendea palepale, nikamwomba aigize. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Nilirudi kwangu nikicheza njia nzima.

Jioni muuguzi akanipigia. "Umenimaliza, sister," akasema.

Hapo ndipo nilipoelezwa. Kwetu Dar mama mkwe tunamheshimu, lakini tunakula naye, na akiwa mchangamfu tunamtania kwa mbali. Kwao, mkwe hamshiki mkono mama mkwe, haketi alipoketi, na hali chakula mbele yake. Nyumba yao ina jiko moja. Tangu mama afike, muuguzi alikuwa akitoka kwa mlango wa gereji, akipitisha salamu kupitia mkewe, na akila chakula chake ndani ya gari, limeegeshwa mbele ya nyumba, sahani juu ya usukani. Na mimi nimemwalika mama huyohuyo ampige mwiko kichwani mbele ya Waswahili wote wa Australia. Akikataa, amemvunjia heshima mama aliyekwisha kubali. Akikubali, amemvunjia heshima vilevile. Nilimwomba radhi, kisha, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Mkewe ndiye aliyepata dawa. Tungewapiga picha kila mmoja peke yake, kisha yeye awaunganishe kwenye kompyuta. Tukachukua ufagio wa mpini mrefu, tukausimamisha kichwa chini ndani ya ndoo ya mchanga, tukauvika sare ya hospitali. Mama akaja asubuhi, akauangalia ufagio kutoka juu hadi chini, akaanza. Jamani! Aliutukana, akaupiga mwiko, akauuliza umesomea wapi. Karatasi yangu aliifuata neno kwa neno, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa nayo. Alasiri, mama akiwa ndani na mtoto, muuguzi akaja gereji, tukaufunga ufagio uleule kanga ya mama. Akashindwa kuutazama. Alijibu akiwa ameinamisha macho, mikono nyuma, na mara moja niliona anaupisha njia. Mkewe alicheka mpaka simu ikamponyoka.

Sehemu tano zilitoka hivyo, na watu walizipenda. Kutoka Perth, kimya.

Sehemu ya sita ndiyo iliyotukwamisha. Nilikuwa nimeandika mama mkwe anaagwa, na yeye na mkwe wake wanakaa meza moja. Ufagio usingeweza kula ugali. Muuguzi akasema hapana, na safari hii hakucheka. Nikakasirika, nikasema maneno kuhusu mila na mwaka tulio nao ambayo hayakunihusu. Akanijibu taratibu kwamba kwao kuna njia: mkwe humpelekea mama blanketi na nyama, wazee wakishuhudia, na tangu siku hiyo wanakula pamoja. Alikuwa anasubiri kuifanya nyumbani, kwa heshima zote. Hataifanya kwa ajili ya kipindi.

Nikajua msimu wangu umekufa. Nililia kwenye treni, sioni haya kusema.

Siku mbili baadaye mama akamtuma binti yake kwangu. Alikuwa amesikia. Ujumbe wake ulikuwa kwamba yeye ni mzee, safari ya kurudi imekaribia, na wazee wa kushuhudia siku hizi wako kwenye simu.

Basi Jumamosi tukaenda Auburn, mimi na muuguzi, kununua nyama ya mbuzi kwa mchinjaji, na blanketi kubwa lenye picha ya chui. Alasiri, kwao Kenya ikiwa asubuhi, wajomba wanne wakajazana kwenye kioo cha simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya mafuta, wote wakizungumza kwa pamoja. Muuguzi akatoa blanketi kwa mikono miwili. Mama akalipokea. Wajomba wakapiga makofi, mmoja akakatikiwa na mtandao na kurudi akiwa bado anapiga. Nyama ikapikwa. Kisha tukaweka kamera, na mimi nikakaa na karatasi yangu magotini.

Mama alikuwa na mistari mitatu. Hakusema hata mmoja. Alimpakulia mkwe wake, akasukuma sahani mbele yake, akamkuta bado amesimama.

"Miezi saba, hata ufagio umenizoea kuliko wewe," akasema. "Kaa hapa, nikuone ukikula."

Akakaa. Alikula tonge la kwanza huku anacheka, la pili huku machozi yanamdondokea kwenye mchuzi, naye mama akajifanya anatafuta chumvi. Sikusimamisha kamera. Karatasi niliikunja.

Sehemu hiyo ilipotoka, simu yangu haikupumzika. Siku ya tatu akapiga yule bwana wa Perth. Hata salamu hakutoa. "Ile neno ya ufagio," akasema, "ni nani aliandika?"

Nilikuwa jikoni nasuuza vikombe. Jibu nililijua, na nafasi ya kulisema nilikuwa nayo.

"Mimi," nikasema. "Nani mwingine?"

Kisha akasema alijua, kwa kuwa hata yeye asingeweza kulitunga, na kwamba nina kipaji, na anajuta hakunisikiliza alipokuwa hapa. Nikamshukuru kwa unyenyekevu. Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, haikuwa yangu, na mpaka leo sijairudisha.