Mjukuu wa Mnyasa wa Elburgon

Kamwendo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na bado akitaka kutuma pesa kwa simu ilibidi amwombe mamake. Laini ilikuwa ya mama. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini, na leseni ya lori usiiote. Na lori ndilo alilolitaka maishani. Pale kwetu kiwandani Elburgon aliyasogeza malori ya mbao kutoka kwenye mashine hadi langoni, kisha akashuka na kumwachia dereva mwenye leseni. Lango hakulipita, maana polisi wa barabara ya Njoro walikuwa wameshamlaza ndani. Nilifanya kazi naye, na kumwona akishuka pale langoni kuliniudhi kila siku.

Shida ilikuwa jina. Babu yake, Kamwendo wa kwanza, alitoka Nyasaland, Malawi ya leo, akaja kumpasulia mzungu mbao. Akaoa hapa, akazeeka, akawa kipofu. Aliyemuuguza hadi akafa ni Wariara, mke wa mwanawe, Mkikuyu wa Mau Narok. Wariara alipojifungua mwana alifuata desturi ya kwao: mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na kwa mama wa mtoto ni kama baba mkwe wake amerudi nyumbani. Basi hakumgombeza kama watoto wengine. Alimwita baba, wala hakumtaja kwa jina. Chai ya kwanza ilimiminwa kwake, hata alipokuwa na kamasi puani. Sisi tuliokua naye tulimcheka sana, lakini yeye alikaa kwenye kiti chake kama mwenye boma.

Baba yake mzazi alifariki mapema, mtoto wa pili hakuja.

Kila mara alipoomba kitambulisho, wazee wa kamati ya kuhakiki walimuuliza Kamwendo ni jina la kabila gani. Mamake ni Mkenya, na sheria inasema hiyo inatosha. Nenda ukawaambie wao.

Mwaka jana Odero, jamaa anayefukua makaratasi ya zamani kule Nairobi, alimpatia nakala ya hesabu ya watu ya enzi za mkoloni. Babu alikuwemo: Kamwendo, mpasua mbao, Elburgon. Tulifurahi kama wajinga. Wariara alipika chapati. Nani sasa angesema hawa ni watu wa jana?

Tulienda na Kamwendo na mamake mbele ya kamati. Mzee Kosgei, mwenyekiti, aliisoma ile nakala polepole, kisha akaweka kidole kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa. Nyasaland. Hakuwa mtu mbaya, Kosgei, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema afadhali wasingeiona, kwa sababu sasa babu mwenyewe amewaambia alikotoka. Akaikunja, akamrudishia Kamwendo, naye akampa mamake.

Halafu akamgeukia Wariara. Alimwambia kwamba angekuwa na mtoto mwenye jina la upande wake, wangemaliza kazi hiyo asubuhi hiyo hiyo.

“Mathe, sisi tunataka tu kusaidia. Huyu kijana anaitwa nani?”

Kamwendo alimtazama mamake na kutikisa kichwa kidogo. Nilitaka kuinuka niwatukane wote. Wariara alikuwa ameshika ile karatasi iliyokunjwa, akiilainisha juu ya goti.

“Anaitwa Kihara,” alisema. “Ni jina la baba yangu.”

Waliandika. Kitambulisho kilitoka, leseni ikafuata, na Kihara akapewa lori la viazi, Mau Narok hadi Nakuru, mara nyingine mpaka Mai Mahiu. Siku ya kwanza alipiga honi langoni kwetu na tukampigia makofi. Nilifikiri sasa ameachiliwa.

Jioni hiyo nilimsindikiza kwao. Wariara alikuwa jikoni, na hakugeuka.

“Kihara, toa viatu. Umeniletea matope.”

Akamimina chai. Kikombe cha kwanza alinipa mimi, kwa kuwa mimi ni mgeni. Cha pili akanywa mwenyewe. Mwanawe alibaki mlangoni na viatu mkononi, akikitazama kile kiti, na hakuthubutu kukikalia. Hata mimi nilikwepa kukikalia. Nikamuuliza mbona haingii.

“Naogopa,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Ameniita kwa jina, na hajawahi.”

Mamake alisikia, akafuta macho kwa leso, na akaendelea kunywa chai yake.