Sisimizi wa Mgunga wa Pembeni

Fiii... fiii-i. Hivyo ndivyo mgunga wetu ulivyopiga mluzi kila upepo ulipopanda kutoka ziwa Elmenteita. Ulikuwa mti mfupi wa miiba, umejaa vinundu vyeusi vyenye matundu, na upepo ukipita humo unalia kama mtoto anayejifunza filimbi. Matundu hayo waliyatoboa sisimizi waliokaa ndani. Mimi na ndoto zangu nilishawagawia vyumba: kinundu hiki jikoni, kile cha wageni.

Mti ulisimama kwenye pembe ya kishamba chetu cha mahindi, kipande tulichoachiwa na bwana mzungu tulime huku wazazi wangu wakimfanyia kazi. Masharti yake mpaka leo yananichoma. Mbuzi wetu akigusa nyasi zake, anachukuliwa. Ng'ombe wake wakila mahindi yetu, eti sisi ndio hatujui kujenga ua! Na mahindi yenyewe ndiyo chakula chetu cha mwaka mzima.

Basi mama akakata matawi ya migunga mingine, sisimizi wakiwa humo humo, akazungushia shamba. Siku za kwanza, raha! Dume zima linapeleka pua, wadudu wadogo kuliko punje ya mtama wanamiminika, mikia juu, wanaliuma mpaka ndani ya pua. Linarudi nyuma likipiga chafya. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini matawi yalikauka, sisimizi wakahama. Ng'ombe wakaingia upande wa chini, wakala safu mbili. Pembeni tu, penye mti ulio hai, ndipo hawakuthubutu.

Nyapara wa bwana akaja. Nikadhani analeta pole, kumbe ameleta shoka.

"Mama, huu mti unakatwa. Ng'ombe wa bwana wamevimba pua."

"Na mahindi yangu, mzee? Hayakuvimba. Yameliwa."

"Mahindi hayana mdomo wa kushtaki."

Akapiga shoka. Sisimizi wakamshukia shingoni, wakaingia ndani ya shati. Aliruka, akatupa kofia, akacheza ngoma isiyo na mpigaji.

"Pole, mzee," mama akamwambia kwa upole. "Labda wamedhani wewe ni ng'ombe wa bwana."

Hakucheka. Aliukata mpaka chini, akaenda zake akijikuna. Huo mti uliwahi kumfuata ng'ombe gani malishoni? Si wao waliokuja kwake!

Mama aliingia jikoni. Mimi nikabaki. Kwenye matawi yaliyoanguka, sisimizi walikuwa wakikimbia huku na huku wamebeba watoto wao weupe mdomoni. Kule chini, mahali ng'ombe walipoingilia, palikuwa na mgunga mchanga ulionifikia kiunoni. Nikashika tawi moja kwa mikono mitupu, nikaliburuta hadi pale, nikaliegemeza kwenye shina lake. Waliniuma mpaka kwapani. Sikuwapangusa.