Noti ya tisa ya Naomi Mwegoha

Jumapili ya tarehe 18 Mei 2025, daftari la kwaya ya kanisa moja la Kianglikana mjini Kimamba liliandikwa hivi: "Wimbo wa pili umeanzishwa mara mbili. Gitaa: Naomi Mwegoha."

Katibu hakuandika sababu. Haikuhitajika, kanisa zima lilisikia.

Katika kwaya hiyo mpiga gitaa ndiye anayewapa waimbaji sauti. Anapiga kodi, yaani noti zinazokwenda pamoja, uzi mmoja mmoja, do, mi, so, do ya juu, na kila kundi linachukua yake. Soprano hawahesabu. Wao huchukua ile ya mwisho, ya juu kabisa, na kufungua vinywa. Asubuhi hiyo Naomi, fundi cherehani wa miaka thelathini na minne, alipiga do, mi, so, kisha akaongeza ti na re ya juu, ambayo ni noti ya tisa ukihesabu kutoka do. Soprano wakaishika re, besi wakabaki kwenye do, na wimbo ukasambaratika kabla ya mstari wa kwanza kwisha.

Baada ya ibada alimfuata mwalimu wa kwaya, mzee Oswald.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Naomi, ulituwekea nini pale?"

"Kodi ya tisa, mwalimu."

"Tisa! Mimi nilikuwa nataka noti tatu tu."

Magreti, kiongozi wa soprano, alikuwa anakunja joho. "Umetupandisha darini, mdogo wangu, halafu ukaondoa ngazi."

Walicheka, Naomi naye akacheka, mpaka Oswald alipotoa uamuzi. Mwezi uliofuata kwaya ilikuwa imealikwa Mikumi. Mazoezi ya Jumatano yakiharibika, gitaa la Mikumi angelipiga Goodhope, mpiga ngoma, anayejua kodi tatu na hana hamu ya nne.

Naomi alikuwa na miaka miwili akiitafuta sauti ile. Alijifunza kwa video za simu, mchana wateja wakipungua. Walimu wa kwenye simu wanataja noti kwa herufi. Yeye alizigeuza kuwa do-re-mi za kwaya na kuziandika kwa chaki ya fundi pembeni mwa meza ya kukatia vitambaa: ya saba, ya tisa, ya kumi na moja, ya kumi na tatu. Ya kumi na tatu ilimchukua miezi minne, kwa sababu kidole chake kidogo kilikuwa kinagusa uzi wa jirani na kuuzima. Alipiga polepole, noti moja kwa pumzi moja, hadi kila moja ikasikika peke yake. Kuziacha sasa, apige noti tatu kama zamani, aliona ni sawa na kurudi kushona kwa mkono.

Jumatatu na Jumanne alirudia kosa lake mezani, akagundua kuwa noti haikuwa na ubaya wowote. Ilikuja mapema tu.

Jumatano alianza na do, mi, so, do. Kwaya ikaingia salama. Mwisho wa ubeti, pale waimbaji wanaposhikilia noti ndefu, akapandisha ti na re juu yao. Magreti akaifuata re, akajikuta peke yake.

"Dada Magreti, usinifuate," Naomi alisema. "Mimi napita tu. Wewe kaa hapo hapo."

"Kumbe unapita! Si ungesema tangu Jumapili?"

Walirudia. Safari hii Magreti alikaa, akiwa amefumba macho kwa ukaidi, na noti ya tisa ikapita juu ya kwaya na kuzimika yenyewe.

"Tena," Oswald alisema.

"Nimekosea, mwalimu?"

"Hapana. Nataka kusikia tena."

Walipiga mara nne. Kisha akamwambia katibu aandike kwamba ya tisa inaruhusiwa mwisho wa ubeti, na hairuhusiwi kabisa kwenye kuanzisha wimbo.

Kwaya inaondoka Kimamba kwenda Mikumi Jumapili ya tarehe 29 Juni, saa kumi na moja alfajiri. Naomi atapiga gitaa, na Goodhope atabaki kwenye ngoma.